Mtoto Mchanga Anapougua: Somo Kutokana na Utafiti Uliofanyika Magharibi mwa Kenya

Chukulia mama aliyejifungua siku tisa zilizopita katika kijiji kimoja huko Tongaren. Tangu asubuhi mtoto ananyonya kidogo tu, kisha anaachia titi. Jioni mwili wake umepata joto na kifua kinapanda na kushuka upesi. Muuguzi wa zahanati iliyo karibu anamwangalia na kusema kwamba huenda mtoto ana maambukizi mabaya na anahitaji kulazwa hospitalini. Familia inaweza kwenda Kitale, au kuteremka hadi Webuye na Bungoma. Mvua imenyesha na barabara ni tope. Baba yuko kazini mbali na simu yake haishiki. Nyumbani kuna watoto wengine wawili na ng'ombe wa kukamuliwa alfajiri. Mama anamwambia muuguzi kwamba atakwenda kesho.

Mfano huu si wa familia moja. Wahudumu wa afya wa Bungoma na Trans Nzoia wanaujua vizuri, kutoka Cheptais na Kopsiro hadi Endebess na Cherangany. Kwa miaka mingi mwongozo wa matibabu ulikuwa na jibu moja tu: mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye dalili za maambukizi mabaya apelekwe hospitali na kulazwa. Familia iliposhindwa kwenda, muuguzi hakuwa na njia nyingine iliyothibitishwa. Mtoto alirudi nyumbani bila dawa, au akapewa dawa kwa kukisia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, pamoja na wenzao wa nchi nyingine za Afrika, walilichukua swali hilo na kulitafutia jibu katika vijiji vya magharibi mwa Kenya. Makala haya yanaeleza walichofanya, walichopata, na jinsi matokeo hayo yanavyomhusu kila mzazi wa kaunti hizi.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa Kitaifa wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Kenya, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano ni 41 katika kila 1,000. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya vifo vyote vya watoto wadogo hutokea katika majuma manne ya kwanza ya maisha.

Hatua zimepigwa. Utafiti kama huo wa mwaka 2003 ulipata vifo 33 vya watoto wachanga kwa kila 1,000. Mwaka 2014 vilikuwa 22. Ukilinganisha 22 na 21, utaona kwamba katika miaka minane iliyofuata idadi hiyo ilishuka kidogo sana, ingawa wanawake wanaojifungulia kwenye vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 61 mwaka 2014 hadi asilimia 82 mwaka 2022. Lengo ambalo nchi za dunia zimejiwekea ni kufikia vifo 12 au chini ya hapo kwa kila 1,000 ifikapo mwaka 2030.

Sababu kubwa za vifo hivi ni tatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi ya vijidudu. Kati ya hizo tatu, maambukizi ndiyo ambayo mara nyingi humpata mtoto akiwa tayari nyumbani, mikononi mwa mama, nyanya na majirani. Ndiyo pia ambayo dawa zake ni za bei nafuu na zimejulikana kwa muda mrefu. Ugumu uko katika kuifikisha dawa sahihi kwa mtoto mapema.

Mtafiti na kundi lake

Upande wa Kenya wa kazi hii uliongozwa na Profesa Fabian Esamai, daktari wa watoto na mwalimu wa afya ya watoto katika Chuo Kikuu cha Moi. Alifanya kazi na wenzake wa chuo hicho, miongoni mwao Dkt. Peter Gisore, na kwa ushirikiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani.

Kundi la Profesa Esamai lilikuwa sehemu ya mtandao wa kimataifa wa utafiti wa afya ya wanawake na watoto uliofadhiliwa na taasisi za afya za Marekani. Mtandao huo ulikuwa na vituo Afrika, Asia na Amerika ya Kati. Hapa Kenya, kazi yake imefanyika magharibi mwa nchi, Bungoma, Busia na Kakamega zikiwemo. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuweka daftari la uzazi: katika maeneo yaliyochaguliwa, kila mwanamke mjamzito aliyekubali aliandikishwa, na wahudumu walifuatilia hali yake na ya mtoto hadi siku 42 baada ya kujifungua. Ilirekodiwa kama mtoto alizaliwa hai, alikuwa na uzito gani, na kama alinusurika.

Daftari kama hilo lina manufaa makubwa. Mtoto anayefariki nyumbani akiwa na siku tatu mara nyingi huzikwa bila jina lake kuandikwa popote. Asipohesabiwa, hakuna mpango wa afya utakaomjua.

Swali la AFRINEST

Utafiti kuhusu maambukizi ulipewa jina AFRINEST. Ulifanyika katika vituo vitano vya nchi tatu: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Kenya. Kwa Kenya, eneo lake lilikuwa lile lililoitwa Mkoa wa Magharibi. Watoto waliandikishwa kuanzia Aprili 2011 hadi Machi 2013.

Wahudumu wa vijijini walizitembelea familia zenye watoto wachanga na kuwatafuta wenye dalili za hatari. Mtoto aliyeonekana mgonjwa alipelekwa kwa muuguzi. Jambo la kwanza ambalo kila familia iliambiwa ni kwamba mtoto aende hospitali. Wale tu ambao hawakukubali au hawakuweza kwenda ndio waliohojiwa kama wangependa mtoto atibiwe bila kulazwa, ndani ya utafiti, kwa hiari yao. Watoto waliokuwa mahututi, kama vile wenye degedege au wasioweza kunyonya kabisa, hawakuingizwa.

Watoto 3,564 waliingizwa katika utafiti huo. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne, ili kusiwe na upendeleo kuhusu nani anapata dawa gani.

Kundi la kwanza lilipata matibabu ya kulinganishia: sindano mbili kila siku, moja ya penisilini na moja ya jentamisini, kwa siku 7. Hizo ni sindano 14 kwa mtoto ambaye huenda hajafikisha uzito wa kilo tatu.

Kundi la pili lilipata sindano moja ya jentamisini kila siku kwa siku 7, pamoja na amoksisilini ya kunywa mara mbili kwa siku.

Kundi la tatu lilipata sindano zote mbili kwa siku 2, kisha amoksisilini ya kunywa kwa siku 5 zilizobaki.

Kundi la nne lilipata jentamisini kwa siku 2 tu, pamoja na amoksisilini ya kunywa kwa siku zote 7. Mtoto wa kundi hili alidungwa sindano mbili pekee.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet la Uingereza. Katika kundi la kwanza, matibabu yalishindwa kwa asilimia 8 ya watoto. Katika kundi la pili yalishindwa kwa asilimia 6, la tatu asilimia 8, na la nne asilimia 5. Matibabu mepesi yalifanya kazi sawa na yale mazito.

Kwa mama wa Tongaren, tofauti hii ni kubwa. Safari za kwenda kudungwa sindano zinapungua kutoka siku saba hadi siku mbili. Dawa inayobaki anampa mtoto mwenyewe nyumbani, asubuhi na jioni. Muuguzi wa zahanati naye sasa ana kitu cha kufanya kilichothibitishwa, hata familia inaposhindwa kufika hospitali.

Utafiti wa pili ulifanyika sambamba katika vituo hivyo hivyo. Uliwahusu watoto wachanga 2,333 ambao dalili yao pekee ilikuwa kupumua haraka. Nusu walipewa sindano na nusu amoksisilini ya kunywa. Sindano zilishindwa kwa asilimia 22 ya watoto, na dawa ya kunywa kwa asilimia 19. Kwa watoto hao, dawa ya kunywa haikuwa dhaifu kuliko sindano.

Mwaka huo huo wa 2015, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya uliotegemea matokeo haya pamoja na tafiti zilizofanyika Bangladesh na Pakistan. Mwongozo unasema hospitali inabaki kuwa chaguo la kwanza. Lakini familia inaposhindwa kabisa kwenda, mtoto asiye mahututi anaweza kutibiwa kwenye zahanati kwa jentamisini na amoksisilini chini ya uangalizi. Kenya imeuingiza utaratibu huo katika mwongozo wake wa kuwatibu watoto wagonjwa.

Dawa iliyofaa hospitalini ikashindwa kijijini

Mtu anaweza kudhani kwamba basi kila tiba ya hospitali inaweza kusogezwa kijijini. Utafiti mwingine ambao kundi la Profesa Esamai lilishiriki ulionyesha kwamba sivyo.

Mama anapokaribia kujifungua kabla ya wakati, madaktari humdunga dawa ya aina ya steroidi, kwa mfano deksamethasoni, ili kuyakomaza mapafu ya mtoto. Katika hospitali kubwa dawa hiyo imeokoa watoto wengi. Kati ya mwaka 2011 na 2014, watafiti katika nchi sita, Kenya ikiwemo, walijaribu kuieneza hadi vituo vidogo na vijijini. Uzazi wa karibu watoto 100,000 ulifuatiliwa.

Matokeo yaliwashtua wengi. Watoto wadogo zaidi, ambao dawa ilikusudiwa kuwasaidia, hawakunufaika. Na kwa jumla, maeneo yaliyotumia mpango huo yalipata vifo 27.4 vya watoto wachanga kwa kila 1,000, ilhali maeneo mengine yalipata 23.9. Katika vituo vidogo ilikuwa vigumu kujua umri halisi wa mimba, hivyo wanawake wengi walidungwa ingawa watoto wao hawakuzaliwa kabla ya wakati.

Swali hilo lilirudiwa baadaye kwa njia nyingine. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti katika hospitali 29 za nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, ambapo umri wa mimba ulipimwa kwa mashine ya picha na kulikuwa na matunzo ya watoto njiti. Matokeo yake ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo vya watoto hao kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6.

Dawa ni ile ile. Mahali pa kuitumia ndipo palipobadilisha matokeo. Hii ndiyo sababu mama anayepata uchungu kabla ya miezi tisa kutimia anaharakishwa kwenda hospitali yenye chumba cha watoto njiti, wala hadungwi sindano hiyo kijijini na kuachwa asubiri.

Tafiti nyingine mbili za kundi hili zinafaa kutajwa. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyowahusu karibu wanawake 12,000 wa mimba ya kwanza katika nchi sita. Wale waliotumia aspirini ya kiwango kidogo kila siku kuanzia mapema katika ujauzito walizaa kabla ya wakati kwa asilimia 11.6, na wasioitumia asilimia 13.1. Mwaka 2023 ikachapishwa nyingine iliyowahusu wanawake zaidi ya 29,000. Dozi moja ya azithromaisini wakati wa uchungu ilipunguza maambukizi mabaya au vifo vya akina mama kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6, lakini haikupunguza maambukizi wala vifo vya watoto. Dawa zote mbili ni za kuandikiwa na daktari. Mama mjamzito hapaswi kuzinunua dukani kwa kuwa amesikia habari zake.

Dalili ambazo kila mzazi anapaswa kuzijua

Matibabu mepesi hufanya kazi mtoto akiletwa mapema. Katika AFRINEST, macho ya kwanza kuona ugonjwa yalikuwa ya watu wa kijijini. Mtoto wa chini ya miezi miwili apelekwe kituo cha afya mara moja, hata usiku, akiwa na hata dalili moja kati ya hizi:

1. Amekataa kunyonya, au ananyonya kidogo kuliko kawaida yake.
2. Ana degedege, au mwili unakakamaa.
3. Anapumua haraka: pumzi 60 au zaidi kwa dakika moja.
4. Kifua kinabonyea ndani sana, chini ya mbavu, kila anapovuta pumzi.
5. Mwili una joto jingi, au umekuwa wa baridi kuliko kawaida. Kwa kipimajoto, watafiti walitumia nyuzi 38 au zaidi kwa joto, na chini ya 35.5 kwa baridi.
6. Amelegea, hajisogezi mpaka aguswe, au hajisogezi kabisa.

Wazazi wengi wanajua kwamba joto ni hatari. Wachache wanajua kwamba baridi pia ni dalili. Mtoto mchanga aliyelemewa na maambukizi anaweza kupoa mwili, akanyamaza na kulala sana. Nyumba inaweza kushukuru kwamba leo mtoto ametulia, kumbe anazidiwa.

Kuhesabu pumzi ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kujifunza. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo iinuliwe kidogo ili kifua na tumbo vionekane. Mtu mmoja aangalie saa ya simu, mwingine ahesabu kila kifua kinapopanda, kwa dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakufai, kwa sababu mtoto mchanga hupumua bila mpangilio: mara haraka, mara polepole. Hesabu ikifika 60, irudiwe mara ya pili. Ikibaki 60 au zaidi, safari ianze.

Kinachofuata kituoni

Muuguzi atampima mtoto uzito na joto, atahesabu pumzi na kumtazama akinyonya. Akipata dalili za hatari, atashauri mtoto aende hospitali. Ushauri huo ufuatwe kila inapowezekana. Mtoto mwenye degedege, asiyenyonya kabisa, aliyepoteza fahamu au mwenye midomo ya buluu hana matibabu salama nje ya hospitali. Njiani awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe vizuri na avishwe kofia, na aendelee kunyonyeshwa ikiwa anaweza.

Familia ikishindwa kwenda, iseme ukweli na itaje sababu. Kuitikia "sawa" kisha kurudi nyumbani kimya kimya ndiko kunakomponza mtoto. Muuguzi akijua kwamba hakuna nauli, au kwamba uamuzi unasubiri baba, anaweza kusaidia kutafuta usafiri, kuzungumza na baba kwa simu, au kuanzisha matibabu ya zahanati kwa mtoto anayestahili.

Matibabu hayo yakianzishwa, mambo matatu ni ya lazima. La kwanza, mtoto arudishwe kwa sindano ya siku ya pili na kwa tarehe nyingine zote alizopangiwa. Siku ya nne ni muhimu zaidi, kwa kuwa ndipo hupimwa kama dawa inafanya kazi. La pili, amoksisilini itolewe mara mbili kwa siku hadi siku 7 ziishe, hata kama mtoto alipata nafuu siku ya tatu. Dawa isikatizwe ikawekwa akiba kwa mtoto mwingine. La tatu, mtoto akizidiwa au akipata dalili mpya, asisubiri tarehe: aende hospitali hapo hapo.

Mtoto wa umri huu hatibiwi kwa dawa ya kununua bila kupimwa. Kiasi cha dawa hutegemea uzito wake, na kosa dogo la kipimo ni kubwa kwake.

Kuzuia maambukizi kabla hayajaanza

Kinga nyingi haziihitaji familia itumie pesa. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na maziwa yale ya kwanza ya rangi ya manjano, yaitwayo dang'a, yasimwagwe kwa kuwa yana kinga nyingi. Kwa miezi sita asipewe kitu kingine isipokuwa dawa aliyoandikiwa: wala maji ya sukari, wala uji mwepesi, wala maji ya mitishamba.

Kitovu kiachwe kikiwa safi na kikavu, au kipakwe dawa ya klorheksidini kama kituo kimeitoa na kueleza matumizi yake. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, udongo na mate huingiza vijidudu moja kwa moja kwenye damu ya mtoto. Kila anayembeba anawe mikono kwa sabuni kwanza. Mwenye mafua au kikohozi ampe pole mama kwa mbali.

Mtoto aliyezaliwa mdogo hushambuliwa na maambukizi upesi zaidi. Huyu akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa muda mrefu iwezekanavyo. Baba, shangazi na nyanya wanaweza kupokezana na mama.

Uamuzi wa nyumba nzima

Katika nyumba nyingi za kaunti hizi, mama aliyejifungua haamui peke yake. Baba ndiye mwenye nauli. Nyanya, kukhu kwa Wabukusu au kogo kwa Wasabaoti, ndiye anayesikilizwa kuhusu mtoto mchanga. Kwa hiyo dalili sita zilizotajwa hapo juu zinafaa kujulikana na wote watatu. Nyanya aliyelea watoto wengi akisema "huyu mtoto hanyonyi sawasawa, twende", safari huanza mapema.

Mazungumzo ya usafiri yafanyike kabla ya mtoto kuzaliwa. Familia ikubaliane ni mwendeshaji gani wa boda boda atakayepigiwa simu usiku, nani atabaki na watoto wengine, na nani ataamua iwapo baba hapatikani. Familia za mpakani, kama za Tongaren na Kiminini, zijue mapema kama hospitali iliyo rahisi kufikia ni ya Kitale au ya Bungoma na Webuye. Mtoto mgonjwa haulizwi kaunti anayotoka. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya bora, na Kifungu cha 53 kinataja haki ya kila mtoto ya huduma ya afya.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba ndio kiungo cha karibu zaidi. Nyumba yenye mjamzito au mtoto mchanga impe mhudumu wake habari, imwonyeshe kijitabu cha mama na mtoto, na imuulize awafundishe watu wa nyumba kuhesabu pumzi. Akipita katika juma la kwanza baada ya mama kujifungua, huenda akaona kile ambacho macho yaliyochoka kwa kukesha hayakukiona.

Na watafiti wakibisha hodi wakitaka kuandikisha wajawazito au watoto, wakazi wana haki ya kuuliza: utafiti ni wa nini, una hatari gani, nani ameuidhinisha, na je, wanaweza kujiondoa bila kunyimwa matibabu? Mtafiti wa kweli hujibu yote kabla ya kuomba sahihi. Familia za magharibi mwa Kenya zilizokubali kushiriki AFRINEST kati ya 2011 na 2013 zilikuwa na watoto wagonjwa mikononi. Kwa kukubali kwao, muuguzi wa zahanati leo anajua la kufanya mama anaposema hawezi kufika hospitali usiku huu.

Maswali ya kujadili katika baraza, chama au kanisa na msikiti

1. Kutoka kijiji hiki, ni kituo gani kilicho wazi usiku, na safari huchukua muda gani wakati wa mvua?
2. Nani katika nyumba anaweza kutaja dalili sita za hatari bila kusoma?
3. Kwa nini pumzi za mtoto mchanga huhesabiwa kwa dakika nzima?
4. Kwa nini mama aliye katika uchungu wa mapema apelekwe hospitali kubwa badala ya kusubiri kijijini?
5. Chama kinaweza kutenga kiasi gani cha fedha kwa usafiri wa dharura wa mama na mtoto, na nani atazishika?